Fimbo Niliyoinunua kwa Kofia

Zena alifika hitima ya kaka yake wali umeshapakuliwa, na hilo peke yake lilinitia shaka. Mtu anayetoka Mombasa kuja Mayungu kumsomea ndugu yake wa tumbo moja hufika mapema, akaingia jikoni, akachambua mchele na wenziwe, akalia anapotaka kulia. Yeye alishuka wakati masinia yanatoka. Akanikumbatia, akasema, "Pole, wifi yangu," na hapo hapo nikakisikia kidevu chake kinainuka begani kwangu. Alikuwa akitazama juu. Na juu, kwenye boriti, imelala fimbo ya marehemu ya kuvulia, imefungwa kwa leso yangu kuukuu, na mashine yake ya kukunjia mshipi, ile tunayoiita rili, imefunguliwa ikatiwa ndani ya soksi. Nikasema moyoni, kumbe. Huyu hakuja kusoma, amekuja kurithi. Nikampa sahani, nikamkalisha mahali ambapo ningeweza kumwona.

Mimi ni Mwanaesha. Nimesoma chuoni nikahitimu msahafu, shule ya kizungu sikuingia, na nimelea wajukuu ambao leo hii wanafunga tai wakienda kazini na wakirudi wananiuliza mimi mambo. Ukoo wangu siuelezi, haumhusu mtu. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu wa miaka ile ya themanini, nikiwa sijazaa bado, tulipokaa watatu katika nyumba hii hii: mimi, mume wangu Athmani, na Zena dada yake ambaye hakuwa ameolewa. Nyumba ilikuwa ya udongo na mawe, vyumba viwili, na ukuta wa katikati haukufika juu kwenye makuti. Ukikohoa chumba hiki, wa chumba kile anasema afya. Ndiyo maana niliyasikia niliyoyasikia, sikuwa nimetega sikio.

Athmani alikuwa mvuvi wa mshipi wa maji makuu. Mwanzoni mwa mwaka ule aliteleza ndani ya chombo akivuta nanga, akaangukia mgongo juu ya mataruma, zile mbao za ubavuni. Akalala, akaamka, lakini kiuno hakikurudi. Mahali pake chomboni wakampa mtu mwingine. Akawa anakaa barazani toka asubuhi, anasuka nyavu zisizo zake, na wenziwe wakimletea kitoweo anakisukuma kando. "Samaki sikumvua mimi, simli," alisema. Nikipika mchicha anakula mchicha. Nikipika kunde anakula kunde, uso kama amepewa dawa. Pweza niliyemchokoa mwenyewe maji yakipwa, nikamtwanga, nikamtia nazi mpaka nyumba nzima inanukia, alikuwa akimtazama tu kama jamaa aliyemkosea. Jioni moja nipo chumbani nachanganya ukindu, nikamsikia anamwambia Zena upande wa pili, kwa sauti ya chini, "Ramadhani ikiingia nami hali yangu ni hii, nitamrudisha kwao. Mke hulishwa." Mimi nikaendelea na ukindu wangu. Sikulia. Nilikasirika, kwa sababu mtu anapotaka kukurudisha kwenu angalau akuulize kama wewe unataka kwenda.

Sasa, kuna jambo ambalo nilikuwa nikilijua peke yangu. Asubuhi nikienda mwambani kuchokoa pweza, nilikuwa nikimkuta mtu pale: bibi mmoja wa kizungu, mzee kweli, mikono kama vijiti vya mishikaki, kofia yake ya ukindu ameifunga kidevuni kwa kitambaa. Alikuwa anakaa katika moja ya zile nyumba za wageni njia ya Watamu. Hatukusemezana hata siku moja, yeye hakujua langu na mimi sikujua lake. Lakini mimi nikisubiri maji yapwe sina kazi, natazama. Alikuwa na fimbo nyembamba, ndefu kumpita yeye, na rili ndogo kama yai la bata. Anafungua mkono wa waya wa rili, ananasa mshipi kwa ncha ya kidole, anaizungusha fimbo kwa kiwiko tu bila kupinda kiuno, anaachia. Chubwi, lile timazi dogo la risasi, linakwenda mbali nyuma ya povu. Kisha anasimama wima. Samaki akija, fimbo ndiyo inayopinda, bibi hapindi. Nilimwona akitoa kolekole wa kujaza sufuria, na pumzi haikumpanda. Nikawaza, kama kizee kile chenye mifupa ya kuku kinaweza, mwanamume mwenye kiuno kibovu anaweza. Nikawaza na la pili: Athmani akijua kwamba nimeliona kwa bibi kizee, hataigusa fimbo hiyo mpaka anakufa.

Fedha hazikuwapo, lakini kulikuwa na kofia. Huku kwetu mwanamke anayeshona kofia ya vitobwe, ile ya vishimo vidogo vilivyozungushiwa uzi mmoja mmoja, anamshonea mumewe, na kila mtu anajua. Nilikuwa nimeianza ya Athmani kabla hajaanguka, ya Idi. Chora yake ilikuwa yangu, mawimbi mawili yanayokutana na katikati nyota. Hapana mtu mwingine aliyekuwa nayo. Nikaimaliza, nikaifua, nikaitia wanga, nikaikausha juu ya bakuli ikasimama kama ya bwana harusi. Athmani aliiona pale kwenye bakuli, nikamwona akipitisha kiganja kichwani kwake. Siku ya pili nikaifunga kwenye leso nikasema nakwenda Malindi kumtazama shangazi.

Duka nililolikusudia lilikuwa uchochoroni nyuma ya soko, la Ami Salimu, mzee wa Kishihiri, ambaye pamoja na misumari na kamba na taa za chemni alinunua vitu wanavyoviacha wageni msimu ukiisha.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Wataka misumari ama kamba?"

"Fimbo ya kuvulia."

"Ya nani?"

"Ya kuvulia, Ami."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mwanamke hanunui fimbo. Mumeo asije hapa kesho na panga akaniuliza mambo nisiyoyajua."

"Mume wangu hawezi kubeba panga, mgongo unamuuma. Nionyeshe fimbo."

Akaingia ndani akatoka na moja nene kama mchi, fupi, na rili yake kubwa kama kopo la maziwa ya unga. Akaifuta vumbi kwa mkono wa kanzu. "Hii inamtoa sulisuli. Watu wa mashua kubwa hawataki nyingine."

"Sulisuli simtaki. Nataka kolekole, nataka changu, pale mwambani na kwenye mchanga."

"Hii inavua wote."

"Hata sufuria la harusi linachemsha chai ya mtu mmoja, lakini nani atalinyanyua?"

Akacheka, lakini nikaona kwamba ameishika fimbo mahali pamoja tangu atoke nayo, na kiganja hakiondoki hapo. Mtu akikufunika kitu kwa kiganja, kitazame hicho hicho. Nikachomoa uzi wangu wa kofia kwenye leso, nikautia mate, nikaanza kuupitisha kwenye zile pete za fimbo ambamo mshipi hupita. Ya kwanza laini. Ya pili laini. Nikamwambia, "Ondoa mkono, Ami," nikaupitisha kwenye ya tatu, uzi ukanasa. Pete ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na ufa kama huo hukata mshipi siku ile unapomhitaji samaki. Nilikohoa tu, nikailaza fimbo kando.

"Una macho mabaya wewe," akasema.

"Haya, niletee nyingine."

Alileta nyingi, alipoona siondoki. Moja ilikuwa laini mwili mzima kama ufagio wa chelewa, ukiitikisa inacheza mpaka mkononi. Hiyo chubwi lingeanguka miguuni. Nyingine ngumu mpaka kichwani, kama mpini, na hiyo ingemfanya mtu avute kwa mgongo. Nilimwambia Ami ashike ncha, mimi nikavuta kutoka shinani. Nilitaka fimbo laini kichwani na ngumu kiunoni, kwa sababu kiuno cha mwenyewe kilikuwa kimekufa. Mwisho nikaipata. Nyembamba, rangi ya asali, vipande viwili vinavyoingiliana, na nilipovipotoa havikucheza. Pete zote uzi ukapita. Rili nazo nilizitia sikioni, nikazungusha. Moja ikasaga kama kinu, ina mchanga tumboni. Nyingine ilikuwa ndogo, ikaenda kimya kama cherehani iliyotiwa mafuta. Nikaifunga kwenye fimbo, nikaiweka juu ya kidole kimoja mbele kidogo ya rili, ikalala sawa, haikuangukia mbele wala nyuma. Hapo ndipo mkono hauchoki. Mshipi uliokuwemo nikauvuta kwa kidole chenye mate, nikaukuta una mikwaruzo, nikamwambia autoe atie mpya, mwembamba. Akasema mwembamba utakatika. Nikamwambia ndivyo nitakavyo. Ukinasa mwambani ukatike wenyewe, tupoteze chubwi, usimvute mtu kiuno.

"Nani amekufundisha wewe?" Ami akaniuliza, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniuliza.

Nikafungua leso. Akaichukua kofia, akaigeuza, akatazama ndani ambako mshonaji mbaya hujulikana, akaivaa. Hakuivua tena. Fimbo nikaizungushia mkeka, nikarudi kwa miguu nimeibeba kichwani kama mtu anayekwenda kulala matangani.

Kabla ya kumpa nilijaribu mwenyewe, mahali pasipo na nyumba, na chubwi tupu bila ndoana. Mara ya kwanza likaenda nyuma yangu. Mara nyingine likaanguka miguuni, na mshipi ukajikunja kama kiota cha ndege, nikakaa mchangani kuufumua nikijitukana. Lakini kidole kinachoshika uzi kila siku kinajua wakati wa kuachia, na kikishajua hakisahau. Nilipoona inakwenda, nikairudisha nyumbani nikaisimamisha wima barazani. Niliisimamisha kwa sababu chombo cha kuvulia kikilala chini, mwanamke akakiruka, watu husema ametia mkosi. Sikutaka mtu apate la kusema.

Athmani alikaa nayo pale ubavuni asiitazame, kama watu wawili waliogombana. Mwisho akauliza, "Kitu gani hiki?"

"Fimbo."

"Naiona kwamba ni fimbo. Imetoka wapi?"

"Malindi."

Hakuuliza zaidi, na kutouliza kwake kulinitisha kuliko swali. Asubuhi ya pili akaichukua, akaenda mwambani, mimi nyuma yake na ndoo ya chambo. Wenziwe wakipita na makasia wakapata mchezo. "Yakhe Athmani," mmoja akamwita, "hiyo antena yashika mpaka Unguja?" "Mwacheni," mwingine akasema, "yuatafuta taarabu." Akarusha, mshipi ukamdondokea miguuni. Akarusha tena, vile vile. Nikaona mishipa ya shingo inaanza kumsimama na mkono unataka kuitupa. Nikaweka ndoo chini, nikamnyang'anya fimbo, nikafungua mkono wa waya, nikanasa mshipi kwa kidole, nikarusha. Chubwi likapita povu likaingia mahali penye rangi ya bluu. Watu wote walitazama chubwi lilipoanguka. Athmani alitazama kidole changu.

"Nani kakufundisha?"

Sauti ilikuwa ndogo, baridi. Mimi nikaisikia kama unavyosikia mlango unafungwa. Kofia haipo, mke amekwenda Malindi peke yake, amerudi na kitu cha kiume, na kidole chake kinajua kazi ambayo mtu hajifunzi bila mtu mwingine kumshika mkono. Nilijua hesabu anayoipiga. Lakini ningemjibu nini? Niseme bibi kizee wa mifupa ya kuku?

"Nimekuuliza, Esha."

"Kunja mshipi," nikamwambia, "wachukuliwa na maji."

Hali yetu ikawa hiyo. Usiku analala ametazama ukuta, asubuhi anachukua fimbo anakwenda. Akaanza kutoa visamaki, chaa na vikande, anavirudisha baharini kwa haya. Kisha siku moja nikamkuta ameketi barazani, rili imegoma, haizunguki, na paka wa kijiji kizima wamemzunguka. Alikuwa ameipaka sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo. Kwa mvuvi, kila kitu kinachoingia baharini hupakwa sifa. Yameshika mchanga, yameganda, yananuka mpaka macho yanauma. "Umeuziwa kitu kibovu," akaniambia. "Au aliyekuuzia alijua kitakufa." Nikamchukulia rili, nikaioshea mafuta ya taa, nikaikausha, nikaitia tone la mafuta ya cherehani. Ikazunguka. Alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. "Na hili nani kakufundisha?" Nikamwambia kila mwenye cherehani analijua. Hakucheka. Zena alikuwa mlangoni anapeta mchele, na yeye hakucheka, akainamisha uso ndani ya ungo. Nikamshuku hata Zena.

Ijumaa moja alipata mtu wa kumpakia, akaenda kuswali Malindi. Nilikaa roho juu mpaka aliporudi. Akavua viatu, akaomba maji, akanywa mpaka mwisho.

"Leo nimeswali nyuma ya kofia," akasema.

"Kofia gani?"

"Ya mzee mmoja. Kofia nzuri. Mawimbi mawili na nyota."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Nilisubiri neno lile ambalo mwanamume akilitamka mwanamke hufunga mizigo. Yeye akarudisha kikombe, akalala chali mkekani, akafunika uso kwa mkono. Nikasonga ugali mpaka ukawa jiwe, na tukaula hivyo hivyo jiwe.

Ramadhani ilikuwa imekaribia sana alipompata yule kolekole. Ilikuwa asubuhi, maji yanajaa, na chambo ni mkono wa pweza niliyemchokoa mimi. Niliiona fimbo inapinda, kichwa kinainama mpaka kinataka kunywa maji, na kiuno chake kimekataa. Na kiuno cha Athmani nacho kimesimama wima, hakikuguswa. Nikamwambia, "Usivute. Mwache akimbie." Akamwacha, mshipi ukalia kwenye rili, akamkunja, akamwacha tena. Wale wa antena walisimama mchangani wakaweka makasia chini. Alipomtoa, akampakata kama mtoto, akamleta mwenyewe mpaka jikoni, akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mahali ambapo hakuwahi kukaa, ananitazama nikipika. Nilimtia ukwaju na nazi. Alimla yule samaki mpaka kichwa, akafyonza macho, akamwambia Zena amsogezee kipande cha mkia. Ramadhani iliingia, ikatoka, hakuna aliyenirudisha kokote. Nimezaa naye, nimezeeka naye, nimemzika. Lakini swali lake hakuliacha. Tukigombana kwa chumvi, tukigombana kwa harusi ya mtoto, mwisho atatulia kisha aseme, "Na hukuniambia nani alikufundisha." Nami kila mara nilinyamaza, na kila mara nilijua kwamba huyu mwanamume, pamoja na watoto wote hawa, ndani yake bado yupo mtu ananitazama kidole.

Basi hitima ikaisha, watu wakaondoka, Zena akabaki na mimi na birika la chai. Akaanza, "Wifi, nina neno." Nikasema moyoni, hilo linakuja, la fimbo.

"Siku ile ulipokwenda Malindi na kofia," akasema, "kaka alinituma nikufuate."

Nikaweka kikombe chini.

"Nilikaa barazani kwa watu, nyumba ya mkabala na duka, nikajifanya nina kizunguzungu wakanipa maji. Niliona yote. Nikarudi kabla yako, nikamwambia, kofia yako imekwenda, imekwenda kukununulia fimbo, na Esha alikuwa peke yake."

Sikumwamini. Mtu anayetaka kitu chako hukuletea kwanza maneno matamu. "Kama ulikuwapo," nikamwambia, "niambie nilifanya nini na fimbo ya kwanza."

"Ulitia uzi mate. Ukanasa kwenye pete ya tatu, ukakohoa kikohozi cha uongo."

Kikohozi kile sikumsimulia mtu yeyote.

"Kwa hiyo alijua," nikasema. "Tangu siku ile."

"Tangu siku ile. Aliniapisha nisikwambie kwamba alinituma, aliona haya. Lakini moja tu lilimkaa. Hata nilipokuja kumwona mgonjwa, ulipotoka kumpikia uji, alinishika mkono akaniuliza, 'Mwanaesha hajakwambia wewe nani alimfundisha?'"

Nilikasirika, siwezi kusema jingine. Nilikasirikia mtu aliye kaburini. Miaka yote nimelilaza swali lake kati yetu kitandani nikidhani lina tope, kumbe lilikuwa swali tupu, mtu anataka kujua tu. Na jibu langu nimelificha ili asione haya, naye amelificha lake ili asione haya, na tumekula samaki wa ile fimbo maisha mazima. Nikamwambia Zena. Nikamweleza yule bibi wa kizungu, mikono yake, kofia yake iliyofungwa kidevuni, pumzi isiyopanda. Zena alicheka mpaka buibui likamwanguka mabegani, kisha akacheka na machozi.

"Angejua amevua kama bibi kizee angeitupa majini," akasema.

"Unafikiri mimi nilikuwa nanyamaza kwa nini?"

Akajifuta uso. Akanywa chai. Halafu macho yake, taratibu, yakapanda tena kwenye boriti.

"Na ile fimbo sasa, wifi?"

Nilijua. Tangu alipoingia nilijua.

"Alfajiri maji yanajaa," nikamwambia. "Njoo mwambani nikione kidole chako. Asiyejua kurusha haichukui."

"Na nani atanifundisha, na uzee huu?"

"Nifuate nyuma," nikamwambia. "Kufuata watu si kazi yako?"